Muhuti Wangu Umepukutika Majani Yote: Je, Umekufa?

SWALI: Ninaishi Utawala, upande wa mashariki wa Nairobi. Miaka mitatu iliyopita niliamua kupanda miti ya asili: muhuti mmoja, mgunga wa gome la manjano, mikinduri miwili kando ya ua, na mugumo karibu na lango. Tangu Julai muhuti umekuwa ukipukutisha majani, na sasa tunamaliza Septemba ukiwa mtupu kabisa. Mikinduri ina majani lakini yamelegea, mugumo umechipua ilhali hakuna mvua, na dada yangu wa Loresho anasema muhuti wake ulikuwa na majani hadi majuzi. Jirani ananishauri niukate wangu kabla mchwa hawajaingia. Je, niukate? Niumwagilie maji? Na mbona miti hii haifuati majira yanayoeleweka? Tena kuna ua jekundu la mviringo lililojiotea lenyewe mwezi wa Aprili kisha likatoweka, nalo limekufa?

JIBU: Usiukate muhuti huo. Kwa maelezo uliyotoa, unafanya kile ambacho muhuti wenye afya hufanya katika miezi hii, na huenda umebakiza wiki chache tu uchipue. Uhakikishe mwenyewe kwanza. Chagua kijitawi chenye unene wa kidole, ukwangue gome lake kwa ukucha au kwa ncha ya kisu, sehemu ndogo isiyozidi punje ya mahindi, kisha utazame kilicho chini yake. Ukiona ukijani wenye unyevu, kijitawi hicho ki hai. Ukiona ukahawia uliokauka, shuka chini kidogo ukwangue tena, kwa sababu ncha za matawi machanga zinaweza kukauka huku tawi lenyewe likiwa zima. Ukishamaliza, zitazame ncha za matawi manene zaidi, maana huko ndiko muhuti hutoa matumba ya maua, nayo huanza kama vishada vidogo vya rangi ya kahawia vyenye manyoya laini. Usipoyaona, usivunjike moyo. Muhuti uliooteshwa kwa mbegu huchukua miaka kadhaa kabla ya kuchanua mara ya kwanza, na wako ungali mchanga.

Kuhusu majira, yapo na yanaeleweka, ila si yale ya vitabu vilivyoandikwa Ulaya, ambako mti hupukutika kwa sababu baridi kali inakaribia na mchana unafupika. Nairobi iko zaidi kidogo ya nyuzi 1 kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na ule mfupi kuliko yote katika mwaka mzima haifiki dakika 10. Mti hauwezi kuegemea sana saa kama hiyo. Kinachobadilika sana hapa kwetu ni maji, na baada ya maji, mawingu. Mvua za masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, na za vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Kati ya vipindi hivyo viwili kuna vipindi viwili vikavu, na hapo ndipo wakulima wengi wa bustani hukosea, kwa sababu huvichukulia kuwa kitu kimoja.

Havifanani hata kidogo. Januari na Februari ni kiangazi cha jua kali: anga ni nyeupe, joto la mchana hukaribia nyuzi 28, na ardhi hupoteza maji kwa kasi. Juni hadi Agosti nako mvua ni haba, lakini pepo za kusi huleta hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi, hewa hiyo hupanda kuelekea nyanda za juu, hupoa, na kutanda juu ya jiji kama wingu zito la chini ambalo siku nyingine halipasuki hadi alasiri. Joto la mchana mwezi wa Julai ni nyuzi 22 hivi, na usiku hushuka hadi 12 au chini kidogo. Kwa hiyo udongo haupati maji mapya, lakini yaliyomo hayatoki haraka. Mti unaweza kuishi kwa akiba ya masika kwa wiki nyingi. Ni pale wingu linapoanza kupasuka, mwishoni mwa Agosti na mwezi wa Septemba, jua linaporudi na vumbi kutimka huku vuli haijafika, ndipo ukavu wenyewe huonekana. Huu wa Septemba ndio mwezi ambao napokea maswali mengi kuhusu miti inayodhaniwa kuwa imekufa, na ndio mwezi ambao miti mingi mizima hukatwa bure. Jambo hilo hunisikitisha, kwa sababu mti uliokwisha kuvumilia karibu kipindi chote cha ukavu hukatwa mvua ikiwa mlangoni.

Sasa turudi kwenye muhuti wenyewe, ule ambao wanabotania huuita Erythrina abyssinica. Mti huu hauachi majani kwa kushindwa. Jani ni tundu la kutolea maji, na mti unapolipukutisha huziba tundu hilo. Mizizi huendelea kunyonya unyevu kidogo uliobaki chini, na kwa kuwa hakuna tena majani ya kuutoa nje, shina hujaa maji polepole. Maji hayo ndiyo hufungua matumba. Ndiyo maana muhuti huchanua ukiwa mtupu, katikati ya ukavu, na majani mapya hufuata baadaye, mara nyingi kabla ya tone la kwanza la mvua ya vuli. Mtu anayedhani kwamba mimea hungoja mvua ndipo ichanue hushangaa, lakini miti mingi ya mbuga na ya kingo za misitu yetu huanza kazi mapema, ili mvua inaponyesha ikute majani mapya yako tayari kuitumia. Jamii kadhaa za Afrika Mashariki zimekuwa zikitazama maua ya muhuti kama ishara kwamba msimu wa kupanda unakaribia, na kwa maelezo haya utaona kwamba ishara hiyo ina msingi.

Kuchanua bila majani kuna faida nyingine. Maua ya muhuti ni ya rangi ya chungwa iliyokolea hadi nyekundu, yamesimama wima kwenye ncha za matawi, na wachavushaji wake wakuu ni ndege, hasa chozi, ambao huja kunywa mbochi. Pasipo majani ya kuyaficha, maua huonekana kutoka mbali, na katika kipindi ambacho mimea mingine michache ndiyo yenye mbochi, chozi hutoka kwenye muhuti mmoja kwenda kwenye mwingine wakibeba chavua kichwani. Wako utakapofikia umri huo, simama chini yake asubuhi mapema utazame jinsi ndege wanavyogombania kishada kimoja. Baadaye zitatokea ganda za mbegu zenye manyoya, zilizobanwa kati ya mbegu na mbegu, na zikipasuka utaona mbegu nyekundu zenye doa jeusi. Ni nzuri kwa shanga, ila zina sumu, hivyo usiwaachie watoto wazitie mdomoni.

Umetaja kwamba muhuti wa dada yako wa Loresho umekaa na majani kwa muda mrefu zaidi. Jibu liko chini ya miguu yenu. Loresho, pamoja na eneo lote la Karura na kuelekea Kiambu, lina udongo mwekundu wenye kina kirefu, unaopitisha maji ya ziada na kuhifadhi unyevu chini kabisa, ambako mizizi ya mti huufuata taratibu. Utawala, Ruai, Embakasi na tambarare nzima inayokwenda hadi Athi River ina udongo mweusi wa mfinyanzi. Udongo huu hushika maji mengi, lakini huyashika kwa nguvu, kiasi kwamba mizizi haiwezi kuyanyonya yote. Mvua ikizidi, huvimba na kufunga hewa. Ukavu ukizidi, hunywea na kupasuka nyufa ambazo mkono wa mtu mzima unaweza kuingia, na nyufa hizo hukata mizizi midogo. Aidha, upande wa magharibi wa jiji hupata mvua nyingi kuliko upande wa mashariki. Kwa hiyo miche miwili ya mbegu moja, iliyopandwa siku moja, inaweza kupishana kwa wiki kadhaa katika kupukutika, na yote miwili ikawa na afya sawa. Ulinganishe muhuti wako na mihuti ya Utawala, usiulinganishe na wa Loresho.

Mikinduri ni habari tofauti. Mkinduri, yaani Croton megalocarpus, haupukutiki wote kwa pamoja. Unapokosa maji hulegeza majani yakaning'inia, na kwa kuwa jani lake lina rangi ya fedha upande wa chini, mti mzima huonekana umefifia, kama umemwagiwa jivu. Mvua mbili tatu nzuri hutosha kuyainua tena. Usiuhukumu mkinduri kwa majani yaliyolegea mchana. Utazame saa kumi na mbili asubuhi, na kama majani yameinuka kidogo usiku, mti unajimudu. Kuchanua kwake hufuata mvua kubwa, na maua yake ya manjano hafifu hudumu siku chache tu, kiasi kwamba mwenye mti anayetoka nyumbani alfajiri na kurudi usiku anaweza kuyakosa kabisa. Matunda nayo huhitaji miezi mitano au sita kukomaa, hivyo karanga utakazookota chini ya mti zinatokana na mvua ambayo wengi wameshaisahau.

Mugumo ndio mti ambao haufai kabisa kupimiwa kalenda, na sababu yake ni mojawapo ya mambo ya kustaajabisha katika misitu yetu. Tunda la mugumo, kama la mkuyu, kwa kweli ni mfuko uliofungwa, na maua yake madogo mno yamo ndani ya mfuko huo. Hakuna nyuki anayeweza kuyafikia. Ni nyigu wadogo wa mugumo pekee, wasiozidi milimita chache, ambao hupenya kwenye tundu la mbele la tunda, hutaga mayai ndani na kuyachavusha maua kwa wakati huohuo. Nyigu jike anapotoka kwenye tunda alikozaliwa huishi siku moja au mbili tu, na ndani ya muda huo lazima apate mugumo mwingine wenye matunda machanga. Sasa fikiria ingekuwaje kama migumo yote ya Nairobi ingezaa Aprili na kupumzika kwa miezi iliyobaki: nyigu wangekufa wote, na baada yao mbegu za mugumo zingekoma. Kwa sababu hiyo kila mugumo una zamu yake. Mmoja huzaa leo, jirani yake baada ya miezi miwili, na kubadili majani nako hufuata utaratibu wa mti mmoja mmoja. Mugumo wako kuchipua mwezi wa Septemba si jambo la ajabu. Na matunda yake yakianza kutokea wakati ambapo mikinduri na mihuti haina cha kutoa, utaona ndege na popo waliokuwa hawafiki kwako. Kuna onyo moja tu: mti huo una mizizi yenye nguvu sana, na umeupanda karibu na lango. Kama kuna bomba la maji, shimo la maji taka au msingi wa ukuta ndani ya mita 10, afadhali uuhamishe sasa, mwanzoni mwa vuli, kabla haujawa mkubwa.

Mgunga wa gome la manjano, Vachellia xanthophloea, hukuuliza habari zake, nami nadhani ni kwa sababu haukusumbui. Sugua gome lake kwa kidole na unga wa manjano utatoka. Chini ya unga huo gome ni la kijani, nalo hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama jani. Hivyo hata ukipukutisha sehemu ya majani, kazi haisimami.

Ua jekundu la mviringo lililojitokeza Aprili, kwa maelezo yako, bila shaka kubwa ni Scadoxus multiflorus: kikonyo kimoja kisicho na tawi, na juu yake tufe la maua madogo mengi mno yenye nyuzi ndefu, upana wake wote ukitosha kujaza viganja viwili. Halikufa. Lina tunguu chini ya ardhi, mfano wa kitunguu, na hukaa usingizini katika ukavu wote. Mvua za kwanza huliamsha, hutoa ua, hutoa majani, hujaza tena akiba kwenye tunguu, kisha kila kilicho juu hunyauka. Weka kijiti cha alama mahali lilipokuwa ili usije ukalichimbua kwa jembe, na usipamwagilie maji katika kiangazi, kwa kuwa tunguu lililolala kwenye tope huoza. Mmea huu pia una sumu, kwa watu na kwa mifugo. Kama kipande chako bado kina nyasi za asili, chunguza baada ya mvua za Oktoba uone kama yatatokea maua meupe mepesi kama karatasi, yaliyolala karibu na ardhi. Hayo ni Cycnium tubulosum, ambayo huunganisha mizizi yake na ya nyasi na kunyonya humo sehemu ya mahitaji yake. Ndiyo sababu hayakubali kuhamishiwa kwenye chungu. Katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyotengwa mwaka 1946 juu ya udongo mweusi uleule ulio nao, huchomoza kwa wingi mvua inapoanza, hasa mahali ambapo nyasi ni fupi.

Kuhusu maji, mti wa asili huhitaji msaada katika misimu miwili mikavu ya kwanza tangu upandwe, na baada ya hapo uachwe ujitegemee. Wako umeshapita umri huo. Ukiumwagilia muhuti uliopukutika, hasa katika udongo mweusi, utaijaza maji mizizi ambayo haina majani ya kuyatumia, na mizizi isiyopata hewa huoza. Ni bora utandaze nyasi kavu au majani juu ya ardhi kuuzunguka, unene wa kiganja, ukiacha nafasi ya shubiri moja kati ya matandazo na shina ili mchwa wasipate njia iliyofunikwa. Matandazo hayo hupunguza nyufa, na nyufa zikipungua mizizi haikatiki. Kama kuna matawi unayotaka kupunguza, yapunguze baada ya maua kuisha. Anayepogoa muhuti mwezi wa Julai huondoa ncha zilezile ambazo zingetoa maua ya Agosti na Septemba, kisha hulalamika kwamba mti wake hauchanui.

Huenda utajiuliza kwa nini mambo haya hayajulikani sana kwa wakazi wa jiji lenye misitu kama Karura na Ngong. Sehemu ya sababu ni ya kihistoria. Bustani ya miti ya Nairobi, Arboretum, ilianzishwa mwaka 1907 ili kujaribu miti ya kigeni inayokua haraka, kwa ajili ya kuni za treni, na tangu enzi hizo barabara na mashamba yetu yalijazwa mikaratusi, migrevilea na mijakaranda. Mjakaranda umetoka Amerika Kusini, na bado wengi wetu tunajua mwezi wake wa kuchanua kuliko tunavyojua mwezi wa muhuti, ambao ulikuwa hapa kabla ya jiji. Naona ni haki kabisa kuurekebisha ujuzi huo, na njia rahisi ni kuandika. Weka daftari, uandike tarehe ya jani la kwanza kuanguka, tumba la kwanza, ua la kwanza, na mvua iliyotangulia. Mkusanyo wa mimea iliyokaushwa ulioko kwenye Makavazi ya Taifa hapa Nairobi hufanya kazi kwa msingi huohuo: kila kipande kimebandikwa kwenye karatasi yenye tarehe, mahali, na kama mmea ulikuwa na ua au tunda, hivyo mtafiti wa leo anaweza kujua mti fulani ulichanua lini miongo mingi iliyopita.

Daftari hilo litakusaidia zaidi kwa sababu mvua zenyewe hazina uhakika. Kuanzia mwisho wa mwaka 2020 hadi 2022 mvua zilishindwa msimu baada ya msimu katika sehemu kubwa ya nchi. Mwishoni mwa 2023 zikaja za El Niño, na Aprili 2024 Nairobi ikafurika. Mti wa asili hufuata maji yaliyonyesha kweli, haufuati yale yaliyotarajiwa, kwa hiyo tarehe nilizotaja hapa zichukue kuwa za mwaka wa kawaida na uzisogeze mbele au nyuma kulingana na mvua ya kwako.

Basi kwa sasa ngoja vuli. Kama mvua zitaanza kwa wakati wake, muhuti unapaswa kuonyesha machipukizi kabla ya mwisho wa Novemba. Ukifika katikati ya Desemba bila dalili yoyote, rudia kukwangua, safari hii ukianzia kwenye matawi ukishuka hadi shinani. Mahali ukijani unapoanzia, kata juu yake kwa msumeno mkali na mti utachipua kutoka hapo, kwa kuwa muhuti hustahimili kukatwa vizuri. Ni ikiwa shina lote ni kahawia hadi usawa wa ardhi tu ndipo uling'oe, na uupande mwingine masika yatakapoanza, hatua chache kutoka kwenye shimo la kwanza, juu ya tuta lenye kimo cha goti ili maji ya udongo mweusi yasisimame kwenye mizizi. Mbegu za miti ya asili hupatikana katika Taasisi ya Utafiti wa Misitu, KEFRI, iliyoko Muguga. Ukipenda kuepuka kungoja, omba dada yako akukatie tawi la muhuti wake lenye unene wa kifundo cha mkono, uliache kivulini siku chache jeraha likauke, kisha ulisimike ardhini. Tawi hushika mizizi, na huchanua mapema kuliko mche wa mbegu.